Uzi: 国 na 國 katika majina ya vikoa: nani aamue kwamba ni jina moja?

Mleta mada

Wanajukwaa, naomba tujadili kwa utulivu suala ambalo kwa Kiswahili halijaandikwa vya kutosha: majina ya vikoa (yaani anwani za tovuti) yanayoandikwa kwa herufi za Kichina, na hasa nini kifanyike pale neno moja linapokuwa na maumbo mawili au zaidi ambayo wasomaji wote wanayakubali.

Nianze na neno lenyewe la China. Beijing huliandika 中国, ilhali Taipei na Hong Kong huliandika 中國. Maana ni ileile, na msomaji aliyezoea umbo moja akiliona la pili hahisi kwamba amekutana na neno jipya. Tofauti hii imetokana na mpango wa kurahisisha herufi ambao serikali ya China iliutangaza mwaka 1956, ukafuatiwa na orodha kuu ya mwaka 1964, iliyochapishwa upya mwaka 1986 ikiwa na herufi 2,235. Singapore na Malaysia ziliufuata mkondo huo. Taiwan, Hong Kong na Macau zikabaki na herufi za jadi. Kompyuta haiijui historia hiyo. Katika Yunikodi, orodha ya dunia inayoipa kila herufi namba yake, 国 ni U+56FD na 國 ni U+570B, namba mbili zisizo na undugu wowote, na kila kinachojengwa juu ya namba hizo huanza kwa kudhani kwamba hivi ni vitu viwili tofauti.

DNS, yaani mfumo unaogeuza jina kuwa anwani ya IP, kwa miaka mingi ulipokea katika majina ya kompyuta herufi za Kilatini, tarakimu na kistari tu. Zilipotoka kanuni za IDNA, yaani za majina yasiyo ya Kilatini, mwaka 2003, DNS yenyewe haikuguswa. Kilichoamuliwa ni kwamba programu iliyo upande wa mtumiaji, kwa mfano kivinjari, ilichukue jina la Kichina, iligeuze kuwa mfuatano wa herufi za Kilatini kwa njia iitwayo Punycode, na kuutanguliza mfuatano huo kwa alama ya xn--. Ukiandika 中国, kivinjari huiuliza DNS habari za xn--fiqs8s. Ukiandika 中國, huuliza habari za xn--fiqz9s. Seva inayojibu haioni herufi hata moja ya Kichina. Inachoona ni mifuatano miwili inayotofautiana, nayo itajibu kila mmoja kivyake, au itasema kwamba mmojawapo haupo kabisa.

Hapo ndipo hatari inapoingia, na naomba tuitazame kwa makini kwa sababu haifanani na utapeli wa kawaida wa majina. Tapeli anayesajili jina linalokaribiana na la benki kwa Kilatini hutegemea mteja akosee: aruke herufi, au asome haraka. Katika Kichina mteja hahitaji kukosea. Benki ikisajili jina lake kwa herufi zilizorahisishwa, na mtu mwingine akaachiwa kusajili jina hilohilo kwa herufi za jadi, mteja wa Hong Kong anayeandika kwa usahihi kabisa, kama alivyofundishwa shuleni, atapelekwa kwenye ukurasa wa tapeli. Huwezi kumwambia mtu awe mwangalifu wakati hakuna kosa alilotenda.

Jambo hili lilijulikana mapema. Taasisi za majina ya intaneti, CNNIC ya China, TWNIC ya Taiwan, JPNIC ya Japani na KRNIC ya Korea, ziliunda timu ya pamoja iliyoitwa JET, na kazi yao ikachapishwa Aprili 2004 kama RFC 3743 (RFC ni waraka wa kiufundi wa intaneti). Wazo lao ni rahisi kulieleza, ingawa utekelezaji wake ni mzito. Kila rejista, yaani taasisi inayosimamia majina chini ya kikoa fulani, iwe na jedwali lenye safu tatu: herufi inayoruhusiwa, umbo au maumbo yanayopendelewa badala yake, na maumbo mengine yote yanayohesabika kuwa ndugu zake. Mtu akiomba jina, rejista hupitia jedwali herufi kwa herufi na kutengeneza kifurushi cha majina yote yanayoweza kuzaliwa na jina hilo. Baadhi huwashwa katika DNS, mengine huhifadhiwa bila kuwashwa, lakini yote ni ya mwombaji mmoja. Kifurushi hakikatwi: kikihamishwa huhama chote, na kikifutwa hufutwa chote.

Tazameni mfano wa 清华大学, Chuo Kikuu cha Tsinghua. Herufi ya pili ina umbo la jadi 華, na ya nne ina 學. Herufi ya kwanza, 清, haikuguswa na mpango wa kurahisisha, lakini ina umbo la zamani 淸 ambalo Wakorea bado wanalitumia. Ya tatu, 大, tuihesabu kuwa haina ndugu. Tayari tuna majina manane: mawili mara mawili mara mawili. Kati ya hayo manane, wanaoandika Kichina hutumia mawili tu, 清华大学 na 清華大學. Mchanganyiko kama 清华大學 hauandikwi na mtu yeyote kwa makusudi, lakini tapeli anaweza kuusajili, na macho ya haraka yataupita bila kushtuka. Jina lenye herufi kumi ambazo kila moja ina maumbo mawili huzaa majina 1,024.

RFC 4713 ya Oktoba 2006, iliyoandikwa kutokana na uzoefu wa muungano wa rejista za Kichina uitwao CDNC, iliweka kanuni ambayo mimi naiona kuwa ya busara zaidi katika suala zima. Washa jina lililoombwa, washa lile ambalo lote ni la herufi zilizorahisishwa, washa lile ambalo lote ni la jadi, na mengine yote yaweke kapuni yasiguswe na mtu. Msimamo wangu ni huohuo: tuzuie kwa upana na tuwashe kwa uchache. Uamuzi wa kwamba maandishi mawili ni jina moja ufanywe na rejista wakati wa usajili, na usiachiwe kivinjari, seva, wala mteja.

Karibuni tujadili.

Kiu ya Kujua

Mleta mada, nashukuru kwa maelezo. Nina swali ambalo huenda ni la mwanafunzi, lakini linanisumbua. DNS tangu mwanzo imechukulia HABARI na habari kuwa jina moja. Hakuna anayesajili mara mbili, hakuna kifurushi, hakuna jedwali. Kwa nini wataalamu wasingeweka kanuni kwamba kila 國 igeuzwe kuwa 国 kabla ya kuingia katika Punycode, tukamaliza habari? Hao Wachina wananyimwa kitu ambacho sisi tunaoandika kwa Kilatini tulipewa bure.

Mleta mada

Ndugu Kiu ya Kujua, swali hili ndilo lililojadiliwa kwa uzito katika kikundi cha IETF, chombo kinachoandika viwango vya intaneti, kabla ya mwaka 2003, na ombi la namna hiyo lilikuwepo. Malalamiko yako ni ya haki. Ila tofauti kati ya herufi kubwa na ndogo ni ya moja kwa moja: A ina a yake moja, na a haina A nyingine. Kichina hakiko hivyo.

Chukua 发. Katika herufi zilizorahisishwa inabeba maneno mawili ambayo kwa jadi yalikuwa mbalimbali: 發, kutoa au kutokea, na 髮, nywele. Neno la maendeleo, 发展, kwa jadi ni 發展. Neno la kunyoa au kutengeneza nywele, 理发, kwa jadi ni 理髮. Mashine isiyojua maana, ikiambiwa igeuze 发 kwenda jadi, itachagua moja, na ikichagua 發 itamwandikia kinyozi 理發, jambo ambalo msomaji wa Taipei ataliona kuwa kosa la tahajia kwenye bango la duka. Mfano wa 后 unafanana na huo. Kwa wanaorahisisha inasimama badala ya 後, «baada ya», na pia inasimama kwa niaba yake yenyewe, «malkia». Ukigeuza 皇后 kwa pupa unapata 皇後, ambayo haina maana yoyote.

Utasema basi tugeuze upande mmoja tu, kutoka jadi kwenda zilizorahisishwa, kwa kuwa huko nyingi zinakuwa moja. Hata huko kuna mtego. 乾 katika 乾淨, «safi», hurahisishwa kuwa 干, lakini 乾 katika jina la mfalme Qianlong, 乾隆, inabaki 乾 hata Beijing. Herufi ileile, namba ileile ya Yunikodi, lakini uamuzi unategemea neno iliyomo, na lebo ya kikoa (kipande cha jina kilicho kati ya nukta) mara nyingi ni fupi mno kiasi kwamba hakuna muktadha wa kutegemea.

Kuna kanuni za Yunikodi zinazosawazisha baadhi ya herufi, na IDNA ya mwaka 2003 ilizitumia. Kwa mfano U+F900 hugeuzwa kuwa U+8C48, kwa sababu ile ya kwanza iliingizwa katika Yunikodi ili tu kulingana na mifumo ya zamani, na kimsingi ni herufi moja iliyopewa namba mbili. Lakini 国 na 國 hazikuwekwa katika kundi hilo, na sidhani ilikuwa dhuluma. DNS ni moja kwa dunia nzima. Kanuni inayomfaa Mchina ingemlazimisha pia Mjapani anayetumia herufi hizohizo kwa taratibu nyingine. Hata IDNA ilipoandikwa upya mwaka 2010, RFC 5890 hadi 5894, uamuzi huo haukubadilika.

FundiSeva

Naomba niongeze upande wa wale tunaokesha na seva, kwa sababu neno «kuwasha» limetajwa kirahisi mno.

Rejista ikikuwashia majina mawili, imekupa funguo za nyumba mbili, na kila nyumba utaipanga mwenyewe. DNS ina rekodi iitwayo DNAME, iliyoelezwa kwanza mwaka 1999 na kufanyiwa marekebisho katika RFC 6672 ya mwaka 2012, ambayo huelekeza kila kilicho chini ya jina moja kwenda chini ya jina jingine. Inasaidia sana, lakini haielekezi jina lenyewe lililo juu. Yaani www chini ya jina la jadi itapelekwa www chini ya jina lililorahisishwa, lakini jina la jadi lenyewe, bila www, bado linahitaji rekodi zake. CNAME, rekodi inayoelekeza jina moja kwenda jingine, huwezi kuiweka hapo juu kwa sababu mahali hapo pana rekodi za lazima za SOA na NS, na CNAME haikai na wenzake. Yamekuwapo mapendekezo ya rekodi mpya ya kuunganisha yote mawili, lakini hayakufika kuwa kiwango.

Baada ya DNS inakuja seva ya wavuti. Kivinjari hufika kwake kikiwa kimebeba jina la xn--, na kama hukuliandika jina hilo katika mipangilio, mgeni atapewa ukurasa wa tovuti nyingine iliyo kwenye seva hiyo. Cheti cha usalama lazima kiyataje majina yote mawili, la sivyo mteja wa jadi atakutana na onyo jekundu wakati mteja wa pili anapita bila tatizo. Aliyeingia kwa nywila upande mmoja hatambuliki upande wa pili, kwa kuwa vidakuzi havivuki jina. Barua pepe nayo inahitaji rekodi za MX, zinazoonyesha seva ya kupokea barua, pande zote mbili, pamoja na mipangilio ya kuitambua anwani ya pili. Na ikiwa unatia saini kwa DNSSEC, njia ya kuthibitisha majibu ya DNS, ni saini mbili.

Kwa hiyo naunga mkono kauli ya kuwasha kwa uchache, na sababu yangu ni ya kazi. Majina mawili fundi anayamudu. Yakiwa manane, atasahau moja wakati wa kuhuisha cheti, na hilo moja ndilo wateja watakalolilalamikia.

Mwanafunzi Guangzhou

Salaam kutoka Guangzhou. Wengi hapa hawachagui umbo. Simu ndiyo inayowachagulia. Mimi nikiandika zhongguo kwa pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, simu inanipa 中国 bila kuniuliza. Mwenzangu wa Hong Kong hutumia Cangjie, ambayo hujenga herufi kutokana na vipande vyake, na kwake inatoka 中國. Tunasoma tangazo moja ukutani, kila mmoja anaandika jina la tovuti kwa vidole vyake, na majibu yanaweza kuwa mbalimbali. Mkisema kwamba mteja hana kosa, ndivyo hali ilivyo.

Lakini nina pingamizi. Mleta mada ametoa mfano wa Tsinghua kana kwamba kuna mwenye jina mmoja. Kuna vyuo viwili. Kimoja kiko Beijing tangu mwaka 1911, na kingine kiko Hsinchu, Taiwan, tangu mwaka 1956, na vyote ni 清華大學. Cha Beijing kwa kawaida huandika kwa herufi zilizorahisishwa na cha Hsinchu kwa jadi. Iwapo majina hayo yangesajiliwa yakiwa tofauti, kila chuo kingepata umbo lake na amani ingekuwepo. Kifurushi chenu kinampa aliyewahi kila kitu, na wa pili anabaki mikono mitupu.

Mleta mada

Ndugu wa Guangzhou, nakushukuru, maana umegusa mahali penye uzito kuliko pote.

Hebu tulifuate wazo lako hadi mwisho wake. Chuo cha Beijing kimepewa umbo lililorahisishwa na cha Hsinchu kimepewa la jadi, chini ya kikoa kimoja cha ngazi ya juu (sehemu ya mwisho ya jina, kama .cn). Sasa mzazi wa Hong Kong anamtafutia mwanawe nafasi Beijing. Ataandika kwa jadi, kwa sababu hana maandishi mengine, na atafika Hsinchu. Mwanafunzi wa Singapore anayetaka kwenda Hsinchu ataandika kwa herufi zilizorahisishwa na kufika Beijing. Huo si mgawanyo wa haki. Ni kumgawa msomaji kwa kufuata shule aliyosoma, wala si kwa kufuata chuo anachokitaka. Na wala si kweli kwamba Beijing haina habari na jadi: lango la zamani la chuo hicho lina maandishi 清華園, ya jadi kabisa, na wanafunzi wanapigia picha hapo kila mwaka.

Kwamba vyuo viwili vina jina moja ni jambo lililokuwepo kabla ya intaneti. Katika .cn na .tw kila kimoja kinaweza kuwa na kifurushi chake, na hapo mgawanyo unaeleweka kwa sababu msomaji anaona nchi mwishoni mwa jina. Chini ya kikoa kimoja, mmojawapo atapata na mwingine ataongeza neno, kama 國立, «ya taifa», ambalo tayari limo katika jina rasmi la chuo cha Hsinchu. Ni usumbufu, lakini ni usumbufu ambao kila mwenye jina la kawaida anaujua. Kumwachia msomaji afike kwa mtu asiyemkusudia ni madhara, na hatari huongezeka pale mahali hapo panapoomba nywila au malipo.

Pia tusilibebeshe jedwali mzigo usio wake. Linashughulikia herufi, halishughulikii msamiati. China bara huita mtandao 网络, kwa jadi 網絡. Taiwan huuita 網路. 络 na 絡 ni ndugu. 路 si ndugu yao, ni herufi nyingine yenye maana ya njia. Anayetaka yote atasajili mara mbili, na ni sawa.

Mwanaisimu

Nimefuatilia uzi huu kwa makini, na naomba niwakumbushe wenzangu kwamba mnasema «Kichina» mahali ambapo suala ni pana kuliko Kichina. Herufi hizi zinaandikwa pia na Wajapani, na kwao madai kwamba maumbo mawili ni jina moja mara nyingi si kweli.

Kuna jina la ukoo la Saito ambalo familia huliandika 斉藤, 斎藤, 齊藤 au 齋藤, na familia hizo hazikubali kuchanganywa. Kwa mwenye jina, umbo ndilo jina. Ndiyo maana jedwali la .jp halikuweka maumbo mbadala kabisa: 国 na 國 huko ni herufi mbili, na watu wawili wanaweza kuzisajili.

Ubaya zaidi ni pale Kichina kinapoziunganisha herufi ambazo kwa Kijapani zina maana zilizo mbali. 机 kwa herufi zilizorahisishwa za China ni mashine, badala ya 機 ya jadi. Kwa Kijapani, 机 ni meza ya kuandikia na 機 ni mashine, kila moja na kazi yake ya kila siku. Mjapani akiambiwa kwamba meza na mashine ni jina moja kwa sababu Beijing iliamua hivyo mwaka 1956 au 1964, ana haki ya kuuliza yeye anahusikaje.

Mleta mada

Mwalimu, pingamizi lako ni sahihi, na jibu lake linategemea tunazungumzia ngazi ipi.

Katika ngazi ya pili, yaani majina yaliyo chini ya .cn, .tw au .jp, RFC 3743 iliacha kila rejista iwe na jedwali lake. Tokyo haifungwi na Beijing, na hivyo ndivyo inavyostahili. RFC 6927 ya Mei 2013, iliyotazama hali ilivyo katika vikoa vya ngazi ya juu, ilionyesha kwamba taratibu zinatofautiana sana: kuna wanaozuia maumbo mbadala, kuna wanaoyawasha, na kuna wasio na kanuni yoyote. Mimi lawama zangu ziko kwa hao wa mwisho, pale wanapouza majina ya Kichina. Hakuna aliyewalazimisha kuyauza.

Katika mzizi wa DNS, yaani orodha ya vikoa vyote vya ngazi ya juu, mambo ni tofauti, kwa sababu mzizi ni mmoja na hauna lugha. Tarehe 25 Juni 2010, bodi ya ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, ikiwa Brussels ilipitisha maombi ya China, Taiwan na Hong Kong ya vikoa vya ngazi ya juu kwa herufi za Kichina. China ilipata 中国 na 中國, Taiwan ikapata 台湾 na 台灣. Hong Kong ilihitaji moja tu, 香港, kwa sababu herufi hizo mbili hazikurahisishwa. Majina hayo mawiliwili yalitolewa kwa sharti la kwamba mwenye nayo ahakikishe yanakwenda pamoja, maana katika mzizi ni vikoa viwili kamili. Nao mfano wa Taiwan unafundisha kitu kingine: wenyewe huandika 台灣 na pia 臺灣, kwa hiyo hata ndani ya jadi kuna maumbo mawili, na bado yaliyomo katika mzizi ni mawili tu, moja la kila upande. Huko ndiko kuwasha kwa uchache.

Kisha ikatengenezwa kanuni ya jumla ya mzizi. ICANN iliidhinisha utaratibu wake mwaka 2013, na kila jamii ya maandishi ikaunda jopo la wataalamu. Majopo ya Kichina, Kijapani na Kikorea yalilazimika kukaa pamoja, kwa sababu uhusiano wa ndugu ukishakubalika katika mzizi unamhusu kila anayetumia herufi hiyo: kama A ni ndugu wa B, basi B ni ndugu wa A, na kama B ni ndugu wa C, wote watatu ni kundi moja. Matokeo yake kwa Wajapani ni kwamba maumbo yaliyo ndugu kwa Kichina huzuiwa hata kwa lebo ya Kijapani, ingawa hawapewi wala hawayahitaji. Meza na mashine haziwezi kuwa za watu wawili katika mzizi. Najua hilo linauma, lakini vikoa vya ngazi ya juu ni vichache mno ukilinganisha na majina yaliyo chini yake, na msomaji wa Kichina atakutana navyo vilevile. Kumnyima Mjapani jina moja ambalo huenda hangeliomba ni gharama ndogo kuliko kumpeleka Mchina kwa mtu mwingine. Machi 2019 bodi hiyo ikapitisha mapendekezo ambayo msingi wake ni kwamba maumbo mbadala ya kikoa kimoja cha ngazi ya juu yaende kwa mmiliki mmoja, au yasiende kwa yeyote.

Mkaazi wa Muscat

Naomba niingie kwa ufupi. Wenye kusoma Kiswahili cha zamani kwa herufi za Kiarabu wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Kafu ya Kiarabu ك ni U+0643, na ile ya Kiajemi na Kiurdu ک ni U+06A9. Zikiwa mwanzoni au katikati ya neno huonekana sawa kabisa. Hata mwenye macho makali hawezi kuzitenganisha. Maandishi ya Kiarabu yalikuwa ya kwanza kuingizwa katika kanuni za mzizi, mwaka 2016. Tofauti ni kwamba kwetu tatizo ni macho: maumbo yanafanana. Kwa Wachina tatizo ni maana: 发 na 髮 hazifanani hata kidogo, na bado mtu mmoja huandika hii na mwingine ile akikusudia neno lilelile.

Kiu ya Kujua

Nimeelewa sasa, nashukuru wote. Swali la mwisho la kivitendo: kampuni ninayoifanyia kazi inataka jina la Kichina kwa ajili ya wateja wa bara na wa Hong Kong. Nimuulize nini msajili, yaani anayeuza majina, kabla ya kulipa?

FundiSeva

Kwanza, muulize ni jedwali gani la maumbo mbadala linalotumika katika kikoa hicho, na akuonyeshe orodha kamili ya majina yatakayozaliwa na jina lako. Akishindwa kukuonyesha, tafuta kikoa kingine. Pili, muulize yapi yatawashwa na yapi yatahifadhiwa, na kama unaweza kuwasha la jadi baadaye bila kuanza upya. Tatu, muulize kama kufuta au kuhamisha jina moja kunayagusa yote. Jibu unalotaka kulisikia ni ndiyo.

Mleta mada

Nyongeza moja tu kwa aliyosema fundi. Kabla ya kwenda kwa msajili, mpe jina hilo mtu aliyesoma kwa jadi na umwombe aliandike kwa mkono wake. Kama lina 发, 后, 干, 里 au 台 ndani yake, usikubali programu ikuchagulie umbo la jadi. Yeye atajua kama duka lenu ni la nywele au ni la maendeleo, na atakachoandika ndicho mtakachoomba kiwashwe.